Taili, terazo au simiti: kuchagua sakafu ya nyumba mpya hapa Mombasa

Nyumba ikishaezekwa watu hukupa mkono wa hongera, na wewe mwenyewe huona kazi kubwa imekwisha. Waliowahi kujenga wanajua kuwa hapo ndipo maamuzi yanapoanza kuja kwa wingi: lipu, nyaya, mabomba, dari, madirisha, milango, rangi. Nimefuatilia umaliziaji wa nyumba yetu ya Utange kwa miezi tisa, mume wangu akiwa melini, mimi nikipita kila alasiri na kumpelekea picha kwa simu. Katika maamuzi yote hayo, lililonisumbua kuliko mengine ni la sakafu, na ndilo nililochelewa kulifanya.

Kuchelewa kwenyewe kulikuwa hivi. Seremala alikuwa na nafasi wiki ile, milango ya mvule ilikuwa tayari, nikamwambia aitundike. Chini palikuwa bado zege tupu. Sakafu ilipokuja kuwekwa ilipanda karibu sentimita 5, na milango ikawa haifunguki. Seremala akarudi na msumeno, akaikata yote upande wa chini. Hakuna aliyekumbuka kuzipaka vanishi zile ncha mbichi. Masika yalipoingia zikanywa maji, na mpaka leo mlango wa jikoni husukumwa kwa bega.

Kwa hiyo anayenisoma akiwa bado ana zege tupu, namwomba aamue sakafu sasa, kabla ya kupima milango, kabla ya fundi bomba kukalisha choo, na kabla ya kumalizia ngazi. Kutoka juu ya zege, simiti laini hula takriban sentimita 3 hadi 4. Taili pamoja na simiti ya kusawazisha hula 4 hadi 5, na terazo, yaani simiti yenye kokoto za marumaru inayosagwa mpaka ing'ae, hufika 5. Vitu vyote vingine hupimwa kutoka kwenye kimo hicho.

Nyumbani kwetu kila chaguo lilikuwa na mtetezi. Mume wangu alitaka taili, mavyaa alitaka simiti nyekundu kama ya nyumba aliyolelewa, nami nilitaka terazo. Mwisho tuliziweka zote tatu, kila moja mahali pake: terazo ukumbini na sebuleni, taili jikoni na hamamuni, simiti nyekundu chumbani kwa mavyaa. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona yakifanywa mbele yangu.

Mambo ya kupimia

Nimezipima zote kwa mambo matano. La kwanza ni zamu yake katika kazi, yaani huja lini na huzuia nini. La pili ni maji na chumvi: jiwe letu la matumbawe lina vinyweleo na hunyonya unyevu kutoka chini, visima vingi vina maji ya munyu, na upepo wa bahari haulali. La tatu ni miguu. Nyumba zetu viatu huvuliwa mlangoni, watu hutawadha na kutembea na miguu mibichi, watoto hulala chini juu ya mkeka mchana wa joto la kaskazi. La nne ni ikiharibika itatengenezeka vipi. La tano ni pesa, na hapa siulizi kiasi tu, nauliza pia hutoka kwa mkupuo au kidogo kidogo.

Kuna mambo hayabadiliki uchague sakafu gani. Chini ya zege lazima pawe na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Mchanga usiwe wa pwani, na maji ya kuchanganyia yawe matamu, hata kama itabidi ununue ya gari. Mabomba yajazwe maji na kuachwa usiku mzima yakaguliwe kabla ya kufunikwa. Tulipofanya hivyo, kiungo kimoja cha bomba la hamamu kilikuwa kinadondoka tone moja kila baada ya kitambo. Nilishukuru tuliliona likiwa bado wazi.

Taili

Zamu yake. Taili, au vigae, huja baada ya lipu kukauka na mkono wa kwanza wa rangi kupakwa, kabla ya mkono wa mwisho. Sifa yake kubwa ni kwamba hupigwa chumba kwa chumba, hata familia ikiwa imeshahamia. Kwa anayelipa kodi ya nyumba ya kupanga huku anajenga, jambo hili peke yake laweza kumaliza mjadala.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa uifanye mwenyewe kabla ya kwenda dukani. Taili ya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 0.36. Boksi la taili nne hufunika 1.44. Nyumba yenye mita za mraba 100 za kufunika yahitaji maboksi 70, na ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, 77. Nunua yote siku moja, na utazame kila boksi liwe na namba moja ya rangi. Jikoni kwetu tulipungukiwa na maboksi mawili. Nilikwenda dukani na kipande mkononi, jina lile lile, kipimo kile kile. Zilipolazwa karibu na dirisha la mashariki, jua la asubuhi likaonyesha: zile za kwanza nyeupe kama tui, hizi mpya zina umanjano.

Maji na chumvi. Taili yenyewe haina shida. Za pozeleni hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, za keramiki ya kawaida hunywa zaidi. Udhaifu uko kwenye mianya. Grauti, yaani uji wa kuzibia mianya hiyo, ikiwa nyeupe hunyonya manjano ya biriani na hina ya siku ya harusi, na unyevu ukipanda kutoka chini chumvi hutokea hapo hapo kama unga mweupe. Dawa kali za asidi za kusafishia choo huila grauti polepole mpaka maji yakapata njia. Jikoni na hamamuni chagua grauti ya kijivu.

Miguu. Taili zinazong'aa ni nzuri kwa macho na ni hatari kwa mtu aliyetoka kutawadha. Hili nalisema kwa msisitizo, hasa nyumba ikiwa na mzee au mtoto anayeanza kutembea. Hamamuni, jikoni na kwenye njia ya kutoka hamamuni weka zile zenye uso wa kukwaruza kidogo. Sakafu ya hamamu iwe chini ya ya koridoni, nayo iinamie kwenye tundu kwa sentimita 1 kwa kila mita.

Ikiharibika. Moja ikipasuka huondolewa peke yake, mradi una za akiba. Weka maboksi mawili stoo wala usimpe mtu. Kupasuka kwenyewe mara nyingi huanza siku ya kupigwa. Fundi mmoja mzee alikuja kukagua kazi ya wenzake, akainama na mpini wa nyundo, akagonga taili moja baada ya nyingine: ngo, ngo, ngo, kisha po. "Mama, sikia mwenyewe," akaniambia. "Hapa chini pana hewa. Siku mchi wa kinu ukidondoka hapa, itapasuka." Mafundi walikuwa wameweka mafungu matano ya simiti, manne pembeni na moja kati, badala ya kutandaza gundi chini yote kwa mwiko wa meno. Taili 11 ziling'olewa siku ile. Gonga zote kabla ya kulipa.

Pesa. Sehemu kubwa huishia kwenye maboksi, na ufundi hulipwa kwa mita. Unaweza kufanya chumba kimoja mwezi huu na kingine mwezi wa sita, lakini uwe umenunua za nyumba nzima, la sivyo namba ya rangi itakushinda.

Inamfaa anayetaka kuhamia haraka, mwenye nyumba ya kupangisha, na kila mtu kwa jikoni na hamamu.

Terazo

Hii ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu wengi huiona ikiwa imeshang'aa na hawajui ilikotoka.

Zamu yake. Kwanza huwekwa simiti ya chini, mbichi na yenye kukwaruza. Juu yake fundi hupanga vipande vyembamba vya kioo, plastiki au shaba, akaigawa sakafu kuwa miraba ya mita moja hivi. Vipande hivyo ni pambo na pia ni kinga, maana simiti ikitaka kupasuka hupasukia pale. Kisha humiminwa mchanganyiko wa simiti, nyeupe au ya kijivu, na kokoto za marumaru, ukashindiliwa mpaka kokoto zikabanana. Huachwa ikilowanishwa kwa siku kadhaa. Baada ya hapo huja mashine ya kusagia.

Mashine ndiyo inayopanga nyumba nzima. Jiwe la kwanza ni la kukwaruza sana, hula uso wote mpaka kokoto zionekane. Vitundu vilivyobaki huzibwa kwa uji wa simiti, ikaachwa tena ikauke, ikasagwa kwa jiwe laini zaidi, na zaidi tena. Sakafu hutoa uji mzito wa kijivu, hurukia ukutani mpaka magotini. Kwa hiyo terazo lazima itangulie rangi, kabati za jikoni na milango. Huwezi kuifanya watu wakiwa ndani. Na uji ule usiruhusiwe kamwe kuingia kwenye mabomba ya choo, maana huganda humo. Sisi tulichimba shimo nje, vijana wakauvuta kwa mabeleshi na ndoo. Kazi yote, kutoka simiti ya chini hadi kung'arisha, yaweza kuchukua wiki tatu.

Maji na chumvi. Yahitaji maji mengi, na hapa kwetu maji ni hesabu. Kulowanisha, kusaga, kuosha, yote ni maji. Panga gari la maji na tangi kabla mafundi hawajafika, la sivyo watachota kisimani. Ikishamalizika na kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, hustahimili unyevu wetu vizuri. Adui wake ni asidi. Marumaru huliwa na ndimu, siki na ukwaju, ikabaki alama isiyo na mng'ao. Jikoni kwa Mswahili ndimu na ukwaju ni vya kila siku, ndiyo maana sikuiweka huko.

Miguu. Hapa nakiri moyo wangu uliko. Ni baridi, haina mianya, maji ya deki hupita moja kwa moja bila kukwama. Ikipigwa nta nyingi huteleza, basi usiipige nta nyingi.

Ikiharibika. Ikichujuka baada ya miaka, mashine hurudishwa, uso husagwa upya, inakuwa kama ya jana. Panda ngazi za majengo ya ghorofa ya zamani huko kisiwani uone: terazo iliyokanyagwa na vizazi, na bado ina uhai. Lakini ukilazimika kuivunja kufuata bomba, kiraka hakifichiki, kwa kuwa simiti mpya na kokoto mpya hazilingani na za zamani. Ndiyo maana ule ukaguzi wa mabomba ni wa lazima zaidi hapa kuliko popote.

Pesa. Gharama iko kwenye ufundi na mashine, na hutoka kwa mkupuo. Chumba kimoja kidogo hakilipi gharama ya kuleta mashine, eneo kubwa hulipa. Kabla ya kukubaliana mtake fundi akutengenezee kipande cha mfano cha sentimita 30 kwa 30, kilichosagwa na kung'arishwa. Fundi wetu alileta viwili. Kimoja kilikuwa na kokoto nyeusi nyingi, nacho chumbani kilionekana kama sakafu ya ofisi. Tukachukua cha pili.

Inamfaa anayejenga nyumba ya kukaa yeye na watoto wake, asiye na haraka ya kuhamia, na mwenye ukumbi mpana.

Simiti laini

Zamu yake. Huja baada ya lipu, kabla ya rangi ya mwisho. Fundi humimina mchanganyiko wa simiti moja kwa mchanga mara tatu, akausawazisha kwa ubao mrefu, kisha wakati umeanza kushika hunyunyiza simiti kavu, iliyochanganywa na unga mwekundu ukitaka rangi, akapiga kwa chuma mpaka ukaiva. Wakati huo ni mfupi. Nilimtazama fundi chumbani kwa mavyaa akiwa amepiga magoti juu ya ubao, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, mkono mmoja ukienda nusu duara. Hakuzungumza na mtu mpaka alipofika kizingitini.

Maji na chumvi. Hapa ndipo simiti inapoonewa. Hulaumiwa kwa kupasuka na kutoa vumbi, na mara nyingi kosa ni la kuinyima maji. Baada ya kukauka uso ifunikwe kwa magunia mabichi siku 7, ikinyweshwa asubuhi na jioni, hasa wakati wa kaskazi. Nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28, basi kitanda kizito kingoje. Chumba kikubwa kigawanywe kwa mistari iliyokatwa. Kama chini hapana karatasi ya nailoni, simiti ndiyo itakayosema kwanza: madoa meupe ya chumvi juu ya wekundu.

Miguu. Haitelezi ovyo, ni baridi, na mkeka hukaa vizuri juu yake. Mavyaa alinisimulia walivyokuwa wakiisugua kwa nta na kumbi la nazi, watoto wote wamepanga mstari. Ile yake sasa anaifanyia kwa kitambaa, mara moja kwa mwezi, wala hataki msaidizi. Mafuta na hina huingia isipokuwa imepigwa nta au dawa.

Ikiharibika. Ufa huzibwa, na huonekana. Lakini simiti ina fadhila ambayo nyingine hazina: yaweza kuwa mwanzo. Ukipanga kupiga taili baada ya miaka miwili, iache ya kukwaruza badala ya kuilainisha, kwa sababu taili haishiki vizuri kwenye uso laini na itabidi igogotwe yote. Na uwaambie seremala na fundi bomba waache nafasi ya sentimita 1.5 ya taili zitakazokuja.

Pesa. Ndiyo nafuu kuliko zote, na vifaa vyake hupatikana kila duka la ujenzi.

Inamfaa mwenye mfuko uliokwisha kwenye bati, anayetaka kuhamia kwanza, na pia yule anayeipenda kwa dhati.

Neno kuhusu mawe ya Mazeras

Haya ni ya nje: baraza, veranda, njia ya getini. Hayatelezi mvua ikinyesha na huchimbwa karibu, hapo barabara ya Nairobi. Ndani hukwaruza mkeka na hushika vumbi. Jiwe la rangi nyeusi kwenye jua la mchana huunguza unyayo, basi chagua la rangi iliyofifia pale ambapo watoto hucheza.

Kwa hali yako

Kama kodi ya kupanga inakukaba na lazima uhamie ndani ya miezi mitatu, maliza hamamu, choo na jikoni kwa taili, sehemu nyingine weka simiti ya kukwaruza yenye nafasi iliyoachwa. Utapiga taili chumba kwa chumba mkiwa ndani.

Kama nyumba ni ya ghorofa na juu bado panaendelea, usifanye terazo chini. Vifaa vitaburutwa juu yake na mabomba ya juu bado hayajakaguliwa.

Kama pesa yote ipo na hamna haraka, tazama kalenda. Januari hadi Machi lipu na simiti hukauka upesi mno na hutaka kunyweshwa sana. Aprili hadi Juni maji ya mvua hujaa tangini, lakini rangi hukataa kukauka. Terazo ianze masika yanapopungua, rangi ifuate.

Kama mnaishi na mzee, mpelekeni akanyage peku kwenye sakafu zilizokwisha kukaa miaka, kwa jirani au kwa jamaa, sakafu ikiwa imelowa maji. Yeye ndiye atakayejua ipi inamshika.

Kama uko mbali, melini au Ughaibuni, na kazi inasimamiwa na ndugu, taili ndiyo rahisi kukaguliwa kwa video: mwambie agonge na wewe usikilize. Terazo na simiti hutaka mtu aliyepo siku ile ile, saa ile ile.

Na kama milango umeshatundika na chini bado ni zege, mwite seremala aishushe leo aisimamishe stoo juu ya vibao. Milango ikatwe baada ya sakafu kuwa tayari, kimo kikiwa kimejulikana, na ile ncha ya chini ipakwe vanishi mikono miwili kabla haijarudi kwenye bawaba.